Karatasi za Jikoni

Kifurushi kilifika Ijumaa ya kwanza ya Oktoba, kipana na bapa kama sinia, na tarishi alikataa kukipenyeza kwenye tundu la mlango kwa kuogopa kukivunja. Mavis Blanchard alikipokea akiwa na taulo kichwani. Alikigeuza mara mbili, akautambua mwandiko wa mwanawe, kisha akakiegemeza kwenye ukuta wa jikoni na kukaa nacho ana kwa ana mpaka saa nane na robo, mkwe wake aliporudi kutoka kiwanda cha samaki.

"Hukukifungua, mama?" Janice aliuliza, akivua mabuti mlangoni.

"Kina jina lako. Mimi si mtu wa kufungua vya watu."

Pembe moja ya karatasi ilikuwa imekwisha kubanduliwa na kurudishwa kwa mate, na Janice aliiona. Aliosha mikono kwa sabuni, akaiosha tena kwa limau, akaketi.

Ndani mlikuwa na santuri. Jina la kundi, Chumba Baridi, liliandikwa juu kwa herufi nyembamba za kijivu, na chini yake walisimama vijana wawili mbele ya ukuta mweupe. Mmoja alikuwa Lyndon Creasey, mwimbaji, mrefu kama nguzo, aliyekuwa akipamba madirisha ya duka la nguo hapo Grimsby mpaka ulimi wake ulipomfukuzisha kazi. Yeye aliitazama kamera kama mtu aliyeitwa jina. Wa pili alikuwa Howard, mumewe Janice. Howard alitazama sakafu.

"Amekonda," Mavis akasema. "Kwani huko London hawali?"

Miaka miwili vijana hao walijifungia chumba cha nyuma cha nyumba hii. Howard alikuwa fundi umeme wa meli za uvuvi, na meli zilipouzwa kama chuma chakavu alibaki na ufundi bila meli. Alinunua vinanda vya umeme vibovu, akavifufua kimoja kimoja kwa mkono wake, mpaka chumba kikajaa nyaya na taa nyekundu. Mwezi Julai kampuni moja iliwaita London. Alisema atakaa wiki tatu.

Walikwenda sebuleni, kwenye gramafoni ya marehemu baba mkwe, kabati zima la mbao ambalo lilifunguliwa Krismasi na siku za matanga tu. Mavis alifuta vumbi kwa kiwiko. Wimbo wa kwanza ulikuwa mdundo mtupu, kama bomba la maji linalogonga ukutani. Wa pili Janice aliukumbuka kutoka chumba cha nyuma. Wa tatu ulianza kwa noti moja tu ya kinanda, ikidunda polepole, kisha sauti ya Lyndon ikaingia, nzito, karibu na sikio, kama mtu anayeongea gizani:

"Nimekuachia taa ya ngazini. Viazi viko chini, sufuria ya buluu. Vua viatu, mama amelala. Utakuja kulala saa ngapi?"

Mavis aliinua kichwa. "Sufuria ya buluu si hii yetu?"

Janice alitazama santuri ikizunguka. Damu ilikuwa imempanda usoni, na mikono, iliyopooza kwa barafu tangu alfajiri, ilimwasha. Kwa miaka ile miwili yeye alitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, Howard akiwa ndio kwanza amelala. Howard naye mchana alijifungia na Lyndon na vinanda, na jioni alifanya kazi kwenye baa ya klabu ya mabaharia, akirudi Janice akiwa amelala. Walionana Jumapili. Siku nyingine zote, kabla ya kulala, Janice alimwandikia, nyuma ya kadi za kuhesabia makasha ambazo kiwanda kilizitupa, akaibana karatasi chini ya kikopo cha chumvi. Aliandika viazi viko wapi. Aliandika kwamba mvua imeingia chumba cha nyuma, kwamba ameota wamehamia nyumba yenye madirisha mengi, kwamba Jumapili iko mbali. Howard alijibu chini ya mstari wa mwisho, kila siku: Sawa. H.

Wakasikiliza pande zote mbili. Nyimbo zilikuwa kumi. Saba zilikuwa zake.

Hakukasirika, si wakati ule. Jambo la kwanza lililompata lilikuwa furaha, tena furaha ya kumtia haya. Hakuzitupa, alijiambia. Kila alasiri aliporudi kazini na kukuta kikopo cha chumvi kimesimama peke yake alidhani karatasi, ambayo jibu lake alilisoma alfajiri, imekwenda jalalani na maganda ya mayai. Kumbe mtu alikuwa ameziokota moja moja. Alijiona kama amepokea jibu moja refu la karatasi zote, lililochelewa tu njiani.

Kisha akageuza jalada. Nyuma, kwa maandishi madogo, ilisomeka: Maneno na muziki, H. Blanchard. Chini yake kulikuwa na orodha ya shukrani. Fundi wa sauti alikuwemo. Mwenye nyumba wa London alikuwemo. Klabu ya mabaharia ilikuwemo, na paka wa studio, aitwaye Biskuti.

Mavis alikwenda kuchukua miwani, akasoma orodha mara mbili kwa kidole.

"Labda nafasi iliwaishia, mwanangu."

"Paka amepata nafasi, mama."

Kufikia katikati ya Novemba wimbo ule wa taa ya ngazini ulikuwa ukipigwa redioni mara tatu kila siku kabla ya chakula cha mchana. Redio ya kiwandani ilining'inia juu ya mkanda unaopitisha samaki, ambako wanawake thelathini wenye kofia za wavu walipaka vipande vya samaki chenga za mkate, na ulipoanza, mkanda mzima uliimba. Rita Cuthbert, aliyesimama mkono wa kulia wa Janice kwa miaka mitano, aliimba kwa sauti ya kupasua glasi.

"Mwanamume wa kukuachia taa," Rita akasema wimbo ulipokwisha. "Wangu huizima nikiwa bado ngazini. Anasema umeme ni ghali."

"Mimi Mungu anipe mmoja tu anayejua kungoja namna hiyo," akasema mwingine. "Awe na sura yoyote."

"Utampata wapi, na mdomo huo?"

"Muulizeni Janice alimpata wapi. Bibie, gari litakuja kukuchukua lini? Mumeo yuko namba nne nchi nzima, na wewe bado unapaka samaki unga."

"Nikiondoka nani atakufundisha kupaka?" Janice akajibu, na wakacheka. Alijua kuwajibu. Asichokijua ni namna ya kuwaambia kwamba anayengoja katika wimbo ule si mwanamume.

Wakati wa chai Gaynor, msichana wa miaka kumi na minane aliyeajiriwa majira ya kiangazi, alileta jarida la vijana. Picha ilijaza kurasa mbili. Gaynor alisoma kwa sauti, akijivunia kumjua mke wa mtu maarufu. Lyndon anapenda zambarau na sinema za kale. Lyndon hali nyama.

"'Howard, miaka ishirini na mitano, ndiye mtunzi,'" Gaynor akaendelea. "'Ni mkimya na mwenye haya. Hana mke wala mchumba. Mashine zangu hazininunii, anasema akitaba...'"

Akanyamaza, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka. Kwenye meza ile hakuna aliyegusa kikombe.

"Magazeti huandika uongo," Rita akasema.

"Au mume ndiye mwongo," ilisema sauti kutoka meza ya nyuma, si kwa ubaya, kama mtu anayesaidia kutafuta kitu kilichopotea.

Janice aliinywa chai yake yote, ya moto vile vile, akasimama wa kwanza kurudi kazini. Pete yake ilikuwa kwenye bitana ya koti, imefungwa kwa pini, kwa kuwa mkandani pete haziruhusiwi. Alipopita mahali makoti yanapotundikwa aliipapasa kwa nje ili ajue ipo.

Nyumbani hapakuwa na simu. Jumapili, saa sita mchana, Janice alisimama katika kibanda cha simu karibu na kanisa, na Mavis akasimama nje na mwavuli. Alikuwa amekataa katakata kubaki nyumbani.

"Umeipata santuri?" Howard aliuliza. Nyuma yake mtu alikuwa akipiga noti moja, tena na tena.

"Wiki sita zilizopita."

"Umeionaje?"

"Ina maneno yangu."

Noti iliendelea kugonga. "Nilidhani utafurahi," Howard akasema.

"Nilifurahi. Kisha nikageuza upande wa nyuma. Na sasa jarida linasema huna mke."

"Hilo ni la Gerald." Gerald Stannard alikuwa meneja wao. "Anasema wasichana hawanunui santuri ya mume wa mtu. Ni kwa muda tu, Jan."

"Muda gani?"

"Sarafu zako zitaisha."

"Muda gani, Howard?"

Mavis aligonga kioo. "Muulize kama anavaa fulana ya ndani."

"Mama anauliza kama unavaa fulana ya ndani."

"Ninavaa." Alivuta pumzi. "Jumamosi tutapiga muziki Sheffield. Njoo. Tukionana nitakueleza vizuri, simu hii mimi siiwezi, unanijua."

Alimjua. Ndiyo maana alikwenda.

Alivaa koti la kijani na viatu vya harusi ya dadake. Treni ilikuwa na baridi. Alikaa na mikono ndani ya mikono ya koti, akipanga maneno, akiyapangua. Saa tisa alasiri alifika kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi, ambako kijana mwenye orodha alimuuliza jina.

"Janice Blanchard."

Kijana alipitisha kalamu. "Blanchard, Blanchard. Ndiyo. Binamu."

"Si binamu."

"Hapa imeandikwa binamu, dada. Usiponiharibia orodha yangu nitakuruhusu uingie."

Aliingia akiwa binamu. Gerald Stannard alimpokea kwenye korido, mtu mfupi mwenye manukato mengi na sauti ya daktari. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia kwamba Howard humzungumzia sana, kisha, bila kuuachia ule mkono, akaitazama pete.

"Kuna wapiga picha leo," alisema kwa upole. "Ungeiweka mfukoni kwa saa chache tu. Unaelewa, najua. Ni kwa faida yenu nyote wawili."

"Hata kazini huwa naivua," Janice akasema. "Kwa ajili ya samaki."

Gerald alicheka kwa kuchelewa kidogo. Howard alikuwa amesimama nyuma yake, mlangoni pa jukwaa, nyaya zimemning'inia shingoni. Alikuwa amesikia yote. Janice alimtazama, akamngoja. Ilikuwa nafasi pana kabisa, mtu angeweza kupitisha mkokoteni.

"Ulisafiri salama?" Howard akasema. Akaja, akambusu shavuni kama mtu anavyombusu shangazi yake.

Walimpa kiti koridoni, juu ya sanduku la vyombo. Aliivua pete mwenyewe, si kwa kumtii mtu, ila vidole vilikuwa vimevimba kwa baridi na ilimbana. Huko ndiko Lyndon alikomkuta. Alikuwa amepaka wanja jicho moja, la pili bado.

"Wewe ndiye mke," akasema Lyndon, ambaye kwa miaka miwili alikuwa amempungia mkono tu mlangoni.

"Mimi ndiye binamu."

Lyndon alikaa chini sakafuni na suruali yake nyeupe. "Nilimsikia mama mtu, siku moja pale kwenu, anakupigia kelele kuhusu sufuria ya buluu. Nilikumbuka juzi, katikati ya wimbo. Nikamwuliza Howard, akawa mwekundu mpaka shingoni. Yote ni yako?"

"Saba."

"Na ile ya nyumba yenye madirisha mengi?"

"Niliota kweli."

"'Kesho ni Jumapili, usinipite'? Nimeiimba mara mia, kila mara nikijiuliza ulimaanisha nini."

"Nilimaanisha kesho yake ilikuwa Jumapili."

Lyndon alifunika uso, mabega yakitikisika. Alipoufunua, Janice hakujua kama alikuwa akicheka. "Nilimwuliza anaandika kwa ajili ya nani. Akasema anabuni. Basi mwaka mzima nimekuwa nikiamini kwamba ndani ya yule bubu mna mtu amekaa anangoja. Nilimpenda kidogo kwa sababu hiyo, nikuambie ukweli. Nikawa namtazama akila chipsi, najiambia, mtu huyu amejaa. Kumbe nilikuwa nakupenda wewe, na mimi, bibie, si mtu wa wanawake."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu walioibiwa na mwizi mmoja. Kisha Lyndon akaenda kumalizia jicho la pili.

Howard alikuja baadaye na vikombe viwili vya chai. Walitoka nje, kwenye ngazi za chuma. Chini yao vijana walikuwa wamekwisha kupanga foleni, wengi wasichana, baadhi wamekata nywele kama Lyndon.

"Ninazo zote," Howard akasema kabla hajaulizwa. "Karatasi. Ziko kwenye mkebe, zaidi ya mia sita. Sikutupa hata moja, Jan."

Ile furaha ya Oktoba ilimgusa tena, kidogo. "Kwa nini ulizihifadhi?"

"Zilikuwa nzuri. Mimi sina maneno. Nikikaa mbele ya karatasi naiona karatasi tu. Zako zilikuwa hapo kila siku, zimekwisha kamilika."

"Ulipokuwa ukizisoma pale jikoni, umesimama, ulikuwa unasikia nini?"

Angeweza kusema uongo. Mtu mwingine angeusema, na pengine ungetosha. Lakini Howard alilifikiria swali kama alivyofikiria kila kifaa kilichoharibika, kwa uaminifu, kichwa upande.

"Nilisikia mdundo," alisema. "Mahali unapopumua. Una namna ya kukata mstari."

"Nilikuwa nakuuliza, Howard." Sauti yake haikupanda. "'Utakuja kulala saa ngapi' haikuwa wimbo. Nilikuwa nataka kujua saa."

Howard alifungua mdomo. Kutoka ndani mtu akamwita: kinanda cha kushoto hakitoi sauti. Alimtazama mkewe, akautazama mlango, akaweka kikombe chake kwenye ngazi, akaenda.

Treni ya mwisho ingeondoka mapema, kwa hiyo Janice alisikia nyimbo nne tu, amesimama nyuma kabisa. Wa nne ulikuwa ule. Noti moja ilidunda gizani, na ukumbi mzima ulipiga ukelele, kisha ukaimba. Walijua kila neno. Msichana mbele yake alikuwa amefumba macho, machozi yamemchuruzika na wanja. Vinywa elfu moja vilimwuliza Howard Blanchard atakuja kulala saa ngapi, kwa pamoja, mstari ukikatwa pale pale alipoukata Janice usiku mmoja wa Februari akiwa amevaa soksi moja. Naye Howard aliinama juu ya mashine zake, taa nyekundu zikimmulika kidevu, akigusa hapa, akigeuza pale. Hakuinua kichwa.

Janice hakuwahi kumtamani kama alivyomtamani dakika ile. Akafunga vifungo vya koti, akatoka.

Wiki moja kabla ya Krismasi, Mavis alikuwa jikoni akichambua kabichi, redio imewashwa, Lyndon Creasey alipohojiwa. Mtangazaji alimsifia Howard kwa kutunga maneno yanayoliza watu.

"Siyo yake," Lyndon alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Yameandikwa na mkewe. Anaitwa Janice Blanchard. Yuko Grimsby, kiwanda cha samaki, na kwa saa hizi atakuwa mkandani."

Mkanda ulisikia dakika ile ile aliyosikia Mavis. Wanawake thelathini walisimama na vipande vya samaki mikononi, vingine vikapita uchi mpaka kwenye makasha, na msimamizi akaja mbio kuuliza kuna nini. Rita alimgeukia Janice.

"Miaka mitano nasimama hapa," alisema, "na hujawahi kuniambia neno zuri hata moja."

"Hukuwahi kuwa mbali, Rita."

Waandishi wa magazeti walimiminika mtaani siku mbili nzima. Mavis aliwapokea mlangoni, mikono imekunjwa kifuani. "Mke yuko kazini," alimwambia kila mmoja. "Nyinyi hamna kazi?" Walipouliza juu ya mwanawe alisema mwanawe alilelewa vizuri, yaliyobaki aulizwe mwenyewe, na usiku ule hakula.

Kampuni ilibadilisha maandishi ya nyuma katika toleo lililofuata, na barua nadhifu ikaja ikimtaka Janice atie sahihi mahali pawili. Gerald Stannard alijitoa, akimlaumu Lyndon. Lyndon na Howard walimaliza matamasha waliyoahidi bila kuzungumza, kisha Februari Chumba Baridi likawa halipo tena. Santuri ilikuwa hiyo moja tu. Vijana katika miji mingine iliyofungiwa viwanda waliisikiliza, wakanunua vinanda vibovu, wakajifungia vyumba vya nyuma, na wengine wao wakaja kuwa wakubwa kuliko Howard na Lyndon. Kampuni ilimwandikia Janice tena: mwimbaji mwanamke mzuri sana anatafuta maneno, je, yeye angependa kujaribu?

Alijaribu. Jumapili mbili mfululizo alikaa mezani na kalamu, Mavis akitembea kwa vidole vya miguu kama kuna mgonjwa. Viazi vilikuwa ndani ya sufuria, mvua ilikuwa inanyesha, yote yalikuwapo. Hakuna aliyekuwa amelala juu. Hakuna aliyekuwa njiani anakuja.

"Labda uandike kuhusu mimi," Mavis akasema hatimaye.

"Wewe uko hapa, mama."

"Ndiyo. Hiyo ndiyo shida yangu."

Jumanne ya pili ya Machi, saa nane mchana, zamu ilipotoka, Howard alikuwa amesimama kwenye lango la kiwanda. Mvua ilikuwa nyepesi, ya ubavuni, ile ya Grimsby. Hakuwa na mwavuli. Wanawake walimwona kabla ya Janice, na mazungumzo yao yakazimika safu baada ya safu, mpaka pakawa na uchochoro wa watu kimya, yeye upande huu na mumewe upande ule.

"Nimekuja kukusindikiza," Howard akasema. Alilisema mbele yao wote, na masikio yalikuwa mekundu.

"Nanuka samaki."

"Najua unavyonuka."

Mtu alicheka nyuma, Rita akamnyamazisha. Janice alimpa mfuko wake aubebe. "Mpaka kona ya mtaa wetu," akasema. "Nyumbani sijasema."

Wakatembea. Na Howard, ambaye kwa miaka minne ya ndoa hakuwahi kuunganisha sentensi tatu, alizungumza. Ilionekana amejizoeza. Alisema chumba chake cha London kilikuwa na dirisha linalotazama ukuta. Alisema alikula mayai sana. Alisema kuna mtu anatengeneza televisheni huko Cleethorpes amempa kazi, ataanza Jumatatu, na kwa sasa amepanga kwa shangazi wa Lyndon, ambaye ana mbwa watatu. Alisema saa zake: anaamka saa ngapi, anarudi saa ngapi, anapanda kulala saa ngapi. Zile saa alizitaja moja moja, akizihesabu kwa vidole vya mkono usioshika mfuko, kama mtoto anayerudia somo alilofeli.

Hayakuwa maneno mazuri. Hayakuwa na mdundo wowote. Janice alimsikiliza, akimtazama kwa pembe ya jicho: mtu wa wastani, mwembamba, kola imelowa, anayejitahidi. Hakuwa mtu mbaya. Na polepole, kabla hawajafika hata duka la mkate, alielewa ni nini kilichokuwa kikimuuma tangu Sheffield. Yule aliyemwandikia karatasi mia sita hakuwa huyu. Yule alikuwa akizisoma mara mbili, amekaa, taa imewashwa, alicheka palipochekesha, alijua Jumapili iko mbali. Janice alimtengeneza mwenyewe, usiku baada ya usiku, kwa kalamu ya kiwanda, na mtu huyo hakupata kuishi Grimsby wala mahali popote. Alimtamani bado. Alimtamani hata sasa, na mumewe wa kweli amembebea mfuko.

Walifika kwenye kona. Howard alisimama mahali hasa alipoambiwa, hakuvuka hata ufa wa lami.

"Ulikuwa hupendi kitu gani," aliuliza, "katika vile nilivyokuwa napika Jumapili? Sikuwahi kukuuliza."

Janice alifikiri. "Karoti," akasema. "Unaziacha mbichi katikati."

"Mbichi katikati," Howard akarudia, taratibu, akitikisa kichwa kama mtu anayeweka kitu mahali pake.

Janice alichukua mfuko wake kutoka mkononi mwa Howard. Mtaani, pazia la nyumba ya nne lilikuwa limeinuliwa kidogo, na nyuma yake alionekana Mavis, taulo kichwani, hajifichi hata kidogo. Howard alimwona mama yake pia. Aliinua mkono, akaushusha nusu.

"Kesho nitatoka saa tisa," Janice akasema. "Kuna kazi ya ziada. Usije saa nane ukalowa bure."

Akaenda zake nyumbani.